Daftari la Tajiri

Shangazi yangu alikuwa amenunua samaki kwenye soko la Deep Sea, Tanga, kwa zaidi ya miaka ishirini nilipoanzisha kampuni ya kuuza samaki hao hao. Kampuni iliishi miezi minane. Katika miezi hiyo niliwahoji watu sitini kwa dodoso, nikaandika mpango wa biashara wa kurasa arobaini, nikasimama mbele ya majaji Dar es Salaam na kupigiwa makofi. Shangazi sikumuuliza kitu. Kila nilipokuwa Tanga nililala nyumbani kwake na kula samaki wake.

Kisa hiki nawaandikia wadogo zangu wa vyuoni. Kila likizo huja wawili watatu na kompyuta zao, wananionyesha programu za kuuza machungwa ya Muheza, za kukodisha baiskeli, za kutafutia soko mwani wa Mkinga, na macho yao yanawaka kama yangu yalivyowaka. Sitaki wazimike. Nataka wajue nilimuumiza nani.

Mwaka 2020 nilikuwa mwaka wa pili, nasomea kompyuta Dar es Salaam. Katika somo moja tulipewa kusoma utafiti wa mwanauchumi Robert Jensen, uliochapishwa 2007, kuhusu wavuvi wa jimbo la Kerala, India. Simu za mkononi zilifika kwenye pwani ile kati ya 1997 na 2001. Kabla yake, ufuko mmoja ungeweza kufurika samaki mpaka wakatupwa, huku kwenye ufuko mwingine, umbali wa kilomita kama 15, wanunuzi wakiondoka na vikapu vitupu. Simu zilipokuja, nahodha akawa anauliza bei akiwa bado baharini, kisha anaelekeza chombo penye wanunuzi. Samaki wa kutupwa wakaisha. Faida ya mvuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei aliyolipa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Usiku ule sikulala. Nilikulia Ngamiani, na ufuko wa kwetu niliujua tangu utotoni. Nikaona kuwa kati ya Moa na Pangani kuna Kerala nzima inayomngoja mtu wa kuiamsha, na mtu huyo ni mimi.

Tulikuwa watatu. Tulichanga boom letu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa chuo, tukakodi chumba Chumbageni, tukanunua boksi mbili za kuwekea barafu na kupatana na vijana wawili wa bodaboda. Kila alfajiri programu yetu ingeonyesha bei ya changu, tasi, kibua na jodari kwa Deep Sea, Sahare, Kigombe na Pangani. Mwenye mgahawa Raskazone angeagiza kwa simu, sisi tungemlipa mvuvi papo hapo kwa simu, bodaboda angefikisha, na sisi tungebaki na kidogo chetu. Tulianza Desemba. Kaskazi ilikuwa imeingia na bahari ilikuwa tulivu, hata ngalawa ndogo zilivuka miamba na kurudi zimejaa. Kwa macho ya Desemba kila kitu kilikuwa kinawezekana.

Swali la nne katika dodoso letu lilikuwa: Je, ungependa kujua bei ya samaki kabla ya kufika sokoni? Watu sitini, ndiyo sitini. Tulichora duara la kijani, tukalibandika ukutani. Nikilikumbuka swali lile leo naona aibu, maana halina jibu jingine. Tena kulikuwa na jambo ambalo mtoto aliyelelewa Ngamiani hapaswi kufundishwa: mtu wa pwani hamtoi mgeni barazani kwake kwa neno hapana. Nilipowauliza manahodha kama watatuuzia, walinijibu, "Inshallah, mwanangu," wakanimiminia kahawa. Nikaandika ndiyo. Shangazi angeisikia Inshallah ile, ilivyotamkwa polepole na msemaji akitazama maji, angejua kuwa ameshajibiwa.

Mengine nitayapita mbiombio kwa kuwa yanajulikana. Programu ilihitaji simu janja, na manahodha walishika vitochi. Simu janja walikuwa nazo watoto wao. Samaki Deep Sea huuzwa kwa fungu, kwa ndoo au kwa mnada, nasi tuliandika kilo. Wenzangu na mimi hatukuandikiana nani ana sehemu gani, na mmoja alipokwenda mafunzo ya vitendo Dodoma mwezi Machi akaacha kupokea simu, na mpaka leo hatujakaa kulimaliza. Andikianeni, hata kama mmekua pamoja.

La kukaa nalo ni la nahodha wa Sahare.

Alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa kwanza kutuuzia bila kusema Inshallah. Chombo hakikuwa chake. Kwa wasioijua kazi ile, nieleze. Mwenye chombo, ambaye ufukoni huitwa tajiri, hutoa mashine, nyavu, mafuta, barafu na chakula cha safari. Chombo kikirudi, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na watu. Hiyo ndiyo sehemu unayoweza kuiona ukisimama mnadani na kalamu. Sehemu isiyoonekana ni kwamba tajiri huyo huyo ndiye anayemkopesha nahodha bahari inapochafuka, mke anapojifungua, paa linapovuja. Mkopo hauna riba ya kuandikwa. Malipo yake ni kwamba samaki wote wapite mkononi mwa tajiri, kwa bei atakayoitaja yeye, na bei hiyo kwa kawaida iko chini ya ile ya mnada.

Mimi niliona bei tu. Nahodha alipotupitishia ndoo mbili tatu alfajiri, kabla chombo hakijafika mbele ya dalali, tukamlipa zaidi ya alivyozoea, niliamini tumemkomboa. Kwenye taarifa niliyowaandikia majaji nilimweka yeye, bila jina, kama ushahidi kuwa mvuvi wa Tanga yuko tayari kwa soko huru. Ufukoni jambo lile lile linaitwa kuuza pembeni. Kila mtu pale Sahare alikuwa anajua anachofanya na kinachomngoja, isipokuwa sisi tuliokuwa tunamlipa.

Februari tulikuwa na watu 400 waliopakua programu. Nilikuwa naitaja namba hiyo kwenye kila kikao. Na hapa nimkumbuke babu yangu, aliyekuja Tanga kama manamba kukata mkonge, akabaki. Habari ya mmea ule anaijua karibu kila mwanafunzi wa mkoa wetu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze dunia kwa mkonge. Wengi huisimulia kama habari ya bahati. Mimi naisikia kama habari ya hesabu, maana waliopanda Kikogwe walijua iliyo hai ni mingapi, wakaitunza hiyo. Kati ya wale 400 wetu, walionunua mara tatu au zaidi walikuwa tisa. Namba ya tisa ilikuwamo kwenye kompyuta yangu tangu Februari. Sikuifungua.

Mwezi Mei kusi ilianza kuvuma. Asiyekaa ufukoni hudhani kusi ni upepo. Kwa mvuvi mdogo ni miezi ya njaa: mawimbi makubwa nje ya miamba, ngalawa zimepandishwa mchangani, anayethubutu kutoka anarudi na samaki wa kitoweo cha nyumbani kwake. Ukurasa wa bei wa programu yetu ukawa mtupu siku nne, siku sita, wiki nzima. Migahawa tuliyoiahidi samaki kila siku ikarudi kwa wachuuzi wenye majokofu. Katika kurasa zangu arobaini za mpango, neno kusi halikuwamo.

Tajiri wa Sahare alikuwa ameshajua habari za zile ndoo. Hakugomba. Nahodha alipomwendea kuomba mafuta na kilo tano za mchele, kama alivyofanya kila kusi kwa miaka, aliambiwa, "Nenda kwa wenye simu."

Akaja. Ilikuwa jioni. Alivua viatu mlangoni pale Chumbageni kana kwamba chumba chetu ni msikiti, akakaa kwenye ncha ya kiti. Mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo. Alihitaji shilingi 60,000, akasema atalipa kwa samaki kaskazi ikirudi. Nilifungua simu ya kampuni mbele yake. Kulikuwa na shilingi 11,400. Nikamtumia 10,000, naye akashukuru mara mbili, akavaa viatu vyake, akaenda. Mtoto alipona, kwa rehema za Mungu, lakini fedha zilizomtibu zilitoka kwa tajiri, baada ya mzee mmoja wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuko, kumshika nahodha mkono na kwenda naye kuomba radhi. Tajiri alikubali kwa sharti moja: thamani ya ndoo zote tulizonunua pembeni, kwa hesabu yake yeye, iandikwe kama deni la nahodha. Yule tuliyemwita shahidi wa soko huru alitoka mikononi mwetu akidaiwa kuliko alivyoingia.

Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kutuma na kutoa, na ile faida ndogo tuliyokuwa nayo ikatoweka. Wenzangu hupenda kusema kuwa tozo ndiyo iliyotuua. Ni sababu nzuri ya kuwaeleza watu, lakini si kweli. Septemba mwaka huo huo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na sisi tulikuwa tumeshafunga. Tulikufa Mei, pale mtu alipokuja na shida ya kweli, akakuta tunajua bei ya samaki katika fuko nne na hatuna cha kumpa.

Baada ya kurudisha funguo za chumba nilikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu nilimsaidia shangazi kupanga meza yake ya jioni. Mafuta yalikuwa yanachemka, naye alikuwa anapaka chumvi na ndimu vipande vya kibua.

"Kumbe mlikuwa mnauza samaki," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi hamkuniuzia."

Nikamweleza kwamba angepaswa kuagiza usiku na kulipa kwa simu kabla bodaboda haijatoka. Akanitazama, akaendelea kupaka chumvi.

"Mwanangu, ningekuwa na hela ya kulipa asubuhi, ningekuwa nakaanga samaki?"

Ndipo akanieleza biashara yake, ambayo nilikuwa naila tangu utotoni. Asubuhi anachukua samaki mali kauli. Hatoi hata senti. Anatoa neno lake. Jioni anakaanga, anauza, na baada ya Isha anapeleka fedha. Siku mvua ikinyesha na watu wasitoke, anakwenda mapema kusema, na anapewa tena kesho yake. Bei anayopewa ni ya juu kidogo kuliko ya mwenye fedha taslimu. Anajua hivyo. Ile ziada ndiyo inayomnunulia ruhusa ya kwenda siku ya mvua akiwa mikono mitupu.

"Mliwauliza watu wangapi?" akataka kujua.

"Sitini."

"Mliwauliza nini?"

Nikalitaja swali la nne. Hakucheka. Alisema tu kwamba bei kila mtu anaijua kufikia saa moja asubuhi, hata kipofu, kwa sababu inapigiwa kelele.

Miaka miwili baadaye nilikuta kuwa watafiti wengine walikuwa wamerudi Kerala, wakaonyesha kwamba simu haielezi kila kitu: mahali mvuvi anapouza hutegemea pia ukubwa wa chombo chake na uhusiano wake na dalali, pamoja na mikopo kati yao. Maandishi hayo yalikuwapo kabla sijaanza. Ningeyatafuta ningeyapata. Lakini ya shangazi yalikuwa karibu zaidi, mita tatu kutoka kitandani kwangu.

Kwa hiyo mdogo wangu anapoketi mbele yangu na programu yake, simuulizi itafanyaje kazi. Namwomba aifunge kompyuta, aende kwa mtu anayetaka kumsaidia, akambebee ndoo mwezi mzima, na kama ni kazi ya bahari, akae kaskazi moja na kusi moja. Akishazoeleka aulize: mara ya mwisho ulipokwama, nani alikutoa? Alikudai nini baadaye? Ukiniuzia mimi, yeye atakufanyaje? Maswali haya hayajibiki kwa Inshallah. Mtu aliyeyajibu ameshakuonyesha nguzo za nyumba yake, na ni juu yako kutoivuta moja kabla hujawa na ya kuweka.

Nawakumbusha pia M-Pesa, ambayo wote wanayo mfukoni. Ilipojaribiwa Thika, Kenya, mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wanaijaribu wakatazama mikono ya watu inafanya nini, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 iliuzwa kwa kazi hiyo waliyoiona. Na hapa hapa kwetu, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliunda umoja wa vyama vyao vya ushirika mwaka 1993. Kiwanda cha Tanga Fresh kikaja nyuma yao. Walioanza walikuwa wanajuana kwa majina kabla maziwa hayajatiwa kwenye pakiti.

Nimemsema tajiri kwa kirefu, na sitaki kijana aondoke akidhani namsifu. Mwaka 2023, nilipokuwa nimepata kazi, nilikwenda barazani kwake Sahare. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mkali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye simu?"

"Ndiye mimi."

Akanikaribisha mkekani. Nilipomweleza kilichonileta, aliingia ndani akatoka na kaunta buku kubwa, gamba limeliwa na chumvi, akalifungua kwenye kurasa za nahodha. Petroli lita 20. Mchele. Nyuzi za kushonea nyavu. Viatu vya shule, jozi mbili. Bombo. Sanda. Mistari mingine ilikuwa imekatwa bila kuandikwa malipo, nikauliza, akasema, "Hizo nilisamehe, mwaka wa msiba." Kwenye kurasa hizo hizo bei aliyoandika kwa jodari ilikuwa chini, msimu baada ya msimu, na deni lililoanza 2014 lilikuwa linatembea bila kufika. Nahodha amevua miaka yote hiyo, na chombo bado si chake. Yeyote atakayewawezesha watu kama yeye kuwa na akiba yao, ya kuvukia kusi bila kuvua viatu mlangoni kwa mtu, atakuwa amefanya kazi ambayo sisi tulidhani tunaifanya. Natamani awe mmoja wa hawa wanaokuja kwangu likizo. Nitambebea ndoo.

Chini ya Juni 2021 niliona mstari mmoja mrefu: ndoo za pembeni, shilingi 310,000.

"Nimekuja kulipa hizi," nikasema. "Leo nina 50,000. Nyingine nitaleta kila mwisho wa mwezi."

"Zimeandikwa kwa nahodha."

"Zitoe kwake, mzee."

Alinyamaza kidogo, akitazama vyombo vilivyopandishwa mchangani. Kisha akakata ule mstari kwa rula, taratibu, akageuza kurasa hadi akafika kwenye karatasi tupu. Akaniuliza jina la baba yangu. Akaandika majina yote mawili kwa wino wa bluu, chini yake 310,000, chini yake 50,000, akanisogezea kitabu nihakikishe kama herufi zimekaa sawa.